Vyeti Viwili kwa Njia Moja

Iko njia katika Australia itokayo mji wa Laverton, upande wa magharibi, hata Yulara karibu na jabali la Uluru. Urefu wake ni maili 700 hivi, na sehemu zake nyingi hazijatiwa lami. Ni changarawe na mchanga mwekundu. Apitaye huko na motokaa hulala hemani, na petroli huipata penye vituo vichache tu: Tjukayirla, Warburton na Warakurna. Kutoka Laverton hata kituo cha kwanza ni karibu maili 190.

Kabla ya kuishika njia hiyo, yampasa msafiri aombe vyeti viwili, kimoja kwa upande wa Western Australia, na kingine kwa Central Land Council, baraza la ardhi la wenyeji katika Northern Territory. Wako wasafiri wanaonung'unika. Husema, je, barabara si ya watu wote? Nasi ambao riziki yetu ni kuandika vyeti na kugonga mihuri labda tungetazamiwa kuwahurumia, maana twajua jinsi karatasi iwezavyo kukaa mezani hata ikaota vumbi. Lakini hatuwahurumii.

Mjini Perth, ambako wengi huanzia safari hii, kati ya mwaka 1927 na 1954 mwenyeji wa asili hakuruhusiwa kuingia katikati ya mji pasipo cheti. Tena kwa sheria ya mwaka 1944, mwenyeji wa Western Australia aliyetaka haki za raia alipeleka maombi kwa hakimu, na sharti mojawapo lilikuwa awe amekwisha kujitenga na watu wake, isipokuwa jamaa wa karibu kabisa. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1971. Msomaji ambaye babu yake alivaa kipande cha Kenya shingoni hana haja ya kufafanuliwa zaidi.

Basi sasa cheti kimegeuka upande. Sheria ya mwaka 1976 iliwapa wenyeji wa Northern Territory njia ya kurudishiwa ardhi yao, na mwaka 1985 Uluru yenyewe ikarudishwa kwa Waanangu. Cheti cha kupita hakitozwi fedha. Humtaka mgeni aseme yeye ni nani na atapita lini, tena asiiache njia, kwa kuwa pana mahali patakatifu pasipofaa kupigwa hema, na macho ya mgeni hayawezi kupatambua.

Kando ya njia hiyo, karibu na Kaltukatjara, liko pango la Harold Lasseter, mtafuta dhahabu. Ngamia wake walimkimbia, akakaa humo, na wenyeji wakampa chakula. Mwaka 1931 alijaribu kuondoka kwa miguu, akafa. Watalii husimama kupiga picha, na jina lake wanalo. Majina ya waliomlisha hawayaulizi.

Hata petroli ya huko wengine huilalamikia, kwa kuwa ni ya namna ya peke yake, iliyotengenezwa isilevye, baada ya vijana wa vijijini kuharibika kwa kuivuta puani. Lau tungeketi sisi penye meza ile, maombi ya mlalamikaji huyo tungeyapitisha siku ile ile. Ila kwanza tungemwuliza amechukua madebe mangapi ya maji.