Video ya Mbuya isizunguke Ulaya

Mkazi wa Mbuya, Kampala, akirekodi maji yaliyofurika upande wa Kinawataka na kuweka video kwenye jukwaa la mtandaoni la majirani zake, faili hiyo yaweza kuhifadhiwa kwenye seva ya kukodi huko Ulaya. Jirani wa nyumba ya pili ataivuta kutoka huko, kwa bando lake.

Wanaoongeza huduma ya video kwenye majukwaa yao husahau bando hilo. Maandishi ni mepesi, video hula data. Tangu Julai 2021 data nchini Uganda inatozwa kodi ya asilimia 12, iliyochukua nafasi ya ile ya Sh200 kwa siku ambayo wengi waliikwepa kwa VPN.

Kuiachia Facebook kazi hiyo si jibu. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Serikali iliufunga mtandao huo, pamoja na video zote zilizokuwamo.

Kampala ina kituo chake cha kubadilishana data, UIXP. Seva ikiunganishwa hapo, video ya mtaani haivuki bahari. Hata hivyo, mnunuzi wa bando hulipa bei ileile. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kushusha gharama za simu zinazovuka mipaka. Data inayozunguka ndani ya Jumuiya nayo inastahili nafuu hiyo. Wakati huo ukisubiriwa, wenye majukwaa waweke video nyepesi, isiyojiwasha yenyewe.