Gesima Pia Inachoreka

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza kwetu nikachekwa!

Muhula uliopita nilichora barabara ya Gesima siku ya soko. Maduka niliyafanya masanduku ya rangi, moja la samawati, jingine la manjano, na mabati yenye kutu juu yake. Udongo nikauacha mwekundu kama ulivyo. Watu nikawarefusha mithili ya migomba, bila macho wala pua. Darasani kicheko kikazuka: "Hawa ni watu ama misumari?" Wengine wakasema eti ningechora Nairobi yenye maghorofa, ndipo picha iwe picha.

Jamani, nakataa katakata! Kurahisisha umbo si kushindwa kuchora. Mtu akiwa mbali barabarani humjui kwa kope zake, bali kwa mwendo wake, mzigo wake na rangi ya leso yake. Mchoraji huchagua hayo, mengine akayaacha. Mama mmoja auzaye ndizi alipoiona picha yangu alinyoosha kidole, akasema, "Huyu si ni mimi?" Uso hakuwa nao pale. Alijijua kwa jinsi alivyoinamia mkungu. Je, picha hiyo imekosea wapi?

Tena tusisingizie vifaa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka wa 1968, akitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Aliaga dunia mwaka wa 1972, lakini waliomfuata wakaongeza masoko na mitaa, na mpaka leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake. Huko Kongo, Moke (1950–2001) alichora barabara za Kinshasa, baa zake na umati wake, na picha zake zikavuka bahari hadi Ulaya. Hakungoja Kinshasa ifanane na Paris.

Na sisi je? Kibanda cha mbao kikibomolewa kesho, nani atakumbuka kilivyokaa?

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu: ukuta wa bwalo u mtupu. Tupeni tuichore Gesima yetu. Pesa za rangi nitakuwa wa kwanza kuchanga. Nao wanaotaka kucheka, karibuni, ila kila mmoja aje na brashi yake.