KITI CHA HAKI NA MWENYE KUKIKALIA

Wanachama wetu hutuuliza: mtu aliyetoka katika siasa, kisha akapewa ujaji na Serikali, aweza kweli kutuhukumu kwa haki? Swali hili si la kupuuzwa, kwani chama kisichoshika dola hakina ngome ila mahakama. Kabla ya kujibu, na tutazame mfano wa jirani zetu wa Kenya.

Chunilal Bhagwandas Madan alizaliwa Nairobi mwaka 1912, akawa wakili. Mwaka 1948 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kiti kilichotengewa Wahindi, kwani ukoloni siku zile uligawa viti kwa rangi za watu. Mwaka 1961 akafanywa jaji. Mwenye dhana mbaya angesema: huyu atawafaa watu wake na waliompa cheo, basi.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1985 Stanley Munga Githunguri alishtakiwa kwa makosa ya fedha za kigeni yaliyodaiwa kutendwa miaka tisa nyuma, ilhali Mwanasheria Mkuu alikwisha kuamua, miaka minne kabla, kwamba hatamshtaki. Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria tangu mwaka 1982, wala bungeni hapakuwa na upinzani wa kuhoji jambo hilo. Madan na majaji wenzake wawili waliyazuia mashtaka hayo, wakatamka kuwa kumfufulia mtu kesi namna ile ni kuitumia mahakama vibaya.

Je, tufurahi kisha tulale? Hasha! Madan aliondoka katika Ujaji Mkuu mwaka 1986. Mwaka 1988 Katiba ya Kenya ilibadilishwa, majaji wakavuliwa hifadhi ya kazi zao, nayo haikurudishwa hadi mwaka 1990. Jaji hodari alikwisha kupita, na kiti alichokiacha kikakatwa miguu.

Basi jibu letu ni hili. Tusimkatae jaji kwa asili yake wala kwa siasa alizoziacha. Tumpime kwa hukumu zake. Lakini tusiweke amana yetu katika wema wa mtu mmoja. Yatupasa kudai sheria imlindayo jaji asiondolewe kwa sababu hukumu yake imewaudhi wakubwa.

Na ulinzi huo tuudai tukijua kuwa, siku tutakaposhika hatamu sisi, wakubwa watakaoudhiwa tutakuwa ni sisi. Asiyekuwa tayari kwa siku hiyo, bado hajaitaka haki. Ataka zamu tu.