MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Kila samaki na lupango yake

Mwezi huu tuzungumze juu ya samaki. Si samaki wa kula na bukari, lakini wale wa kufuga mu sanduku ya kioo, kwa kuwatazama tu. Musiseme ni mambo ya watajiri wa mbali. Wengi wa samaki hao wanatoka kwetu, mu ziwa Tanganyika, na watu wa Ulaya wanawanunua kwa bei kali. Ku Ujerumani, mwenye kufuga samaki akisikia jina Moliro, anafikiri mara moja samaki mwekundu wa kwetu kule kusini ya Moba, karibu na mpaka wa Zambia.

Mwaka jana mutoto wa yaya yangu alitoka Kalemie na samaki watano wa jamaa hiyo, ndani ya mifuko ya plastiki. Wenye elimu wanawaita Tropheus, jina walilopewa mwaka 1898. Mukubwa wao hapiti sana urefu wa kiganja. Kijana alikuwa amechaji simu za watu miezi saba kwa kupata pesa ya kioo na pompi. Kioo chenyewe ni cha litre 100. Chini aliweka changarawe, katikati jiwe moja, kwa uzuri.

Siku ya tatu samaki mumoja alionekana na mapezi yenye kuchanika, amejibana ku kona, juu kabisa ya maji. Nyuma ya wiki mbili kijana alifika kwangu usiku, macho mekundu.

– Baba mudogo, ile samaki iko mubaya! Balikuwa tano, sasa inabakia moja. Njo iliua benzake bote.

– Haiko mubaya, mutoto wangu. Weye njo ulipatia batu tano lupango moja.

Wapenzi, tuelewe vizuri. Mu ziwa, Tropheus anakula majani madogo ya kijani yenye kuota juu ya mawe. Jiwe lake ni lupango yake, na tena ni shamba yake. Jirani akiingia, anamufukuza. Lakini kule yule aliyeshindwa anakimbia, anapata jiwe ingine, na vita inaisha. Ndani ya kioo atakimbilia wapi? Anagonga kioo, anarudi palepale, na mwenye nguvu anafikiri huyu anamuzarau. Sisi tuliokomea mu nyumba za kambi, watoto sita mu chumba kimoja, tunajua ile hasira.

Sasa tufanye namna gani?

Ya kwanza ni hesabu, na hapa watu wengi wanashangaa. Kwa Tropheus, watano ni wabaya kupita kumi na watano. Wakiwa wachache, mwenye nguvu anachagua mumoja na kumupiga mpaka kufa, kisha anashika mwengine. Wakiwa wengi, hasira yake inagawanyika, hakuna anayeibeba peke yake. Lakini kioo nacho kiwe kikubwa, litre 400 hivi.

Ya pili ni mawe. Yapange mengi, na matundu katikati, mpaka samaki akiwa upande huu asione mwenzake wa upande ule. Wasipoonana, hawagombani.

Ya tatu ni kuingia. Waingize wote siku moja, kusudi asikuwe mwenye kusema: miye nilifika mbele. Kama mugeni anakuja nyuma, panga mawe yote upya na zima taa. Asubuhi kila mumoja anatafuta mafasi, hata yule wa zamani. Wenye kufuga samaki wa bahari mu maji ya chumvi wanafanya karibu vile: wapole wanaingia kwanza, wakali nyuma ya wote.

Kijana alitaka kutupa yule muuaji mu mutoni. Nilimukataza, mutoni yetu si ziwa. Tulimupelekea rafiki mumoja mwenye Tropheus makumi mbili wa rangi ileile. Mangaribi tukageuza mawe yote, tukazima taa, tukamuingiza. Alifukuzwa kidogo, naye akafukuza kidogo. Mpaka leo anaishi, na hakuua mutu. Ni samaki uleule; nyumba njo ilibadilika.

Na kile kioo cha litre 100? Kijana alirudilia na samaki wengine wa Tanganyika, wadogo wa sentimetre tano ao sita, wenye kulala ndani ya maganda ya konokono. Aliweka dume mumoja na majike watatu, mchanga wa kutosha kwa kuchimba, na maganda kumi. Kumi kwa samaki wanne! Ganda likipunguka, mumoja atalala inje, naye atapigwa. Lakini yakipita hesabu, kila mumoja anachagua, analizika mu mchanga mpaka mulango tu unaonekana, na anachunga pale.

Anabadilisha sehemu ya ine ya maji kila wiki, na ile maji ya robine anaiacha kwanza mu ndoo siku moja, juu ya dawa. Mwezi wa sita, baridi ya Lubumbashi ikishuka, anapashia maji moto mpaka degre 25. Umeme ukikatika usiku, anafunika kioo na blanketi, kisha anachota maji na kikombe na kuimwanga tena toka juu, kusudi hewa iingie.

Juzi aliniita mbio. Ku mulango wa ganda moja kulikuwa watoto wa samaki, wadogo kama mbegu ya nyanya, na mama yao mbele yao. Dume lilipita mbali kidogo, likaenda kwake.

Vijana, mbele ya kuhesabu samaki utakaonunua, hesabu kwanza milango. Tuonane mwezi ujao.