Pilau ya Mji Mkongwe, Maharage ya Benaco

Waandishi wenzangu wa Ngara na Biharamulo, tuambizane ukweli. Hadithi zetu zimejaa vyakula ambavyo hatujawahi kuvila. Kijana akitaka mapenzi yaanze, anawapeleka wahusika wake Zanzibar, Mji Mkongwe, kula chakula cha mchana. Kuna baraza, kuna mlango wa nakshi, kuna upepo wa bahari, na pilau inafika mezani yenyewe kama imeshushwa na malaika. Nani kaipika? Sahani shilingi ngapi? Nani ataosha vyombo? Kimya.

Sina ugomvi na Mji Mkongwe. UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na unastahili. Lakini hata huko mnaona nakshi tu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na wengi waliouzwa pale walipelekwa kwenye mashamba ya karafuu. Ni karafuu hiyo hiyo mnayoisifia harufu kwenye pilau! Mhusika wenu anakula, anafuta mdomo, anaondoka bila kuuliza kitu. Hiyo si hadithi, ni kadi ya posta.

Eti kwetu hakuna mtaa wenye historia! Wachache mnataja boma la Wajerumani pale Biharamulo, basi. Kwani historia ni mpaka aijenge Mzungu? Nendeni Benaco, wilayani Ngara, saa saba mchana. Malori ya Rusumo yameegeshwa, madereva wamebanana kwenye mabenchi, mama ntilie anapakua ugali na maharage. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakatandaza maturubai hapo Benaco. Walikuwemo waliokimbia vita, na walikuwemo waliotoka kuua. Wote walipanga foleni moja ya mahindi na maharage ya msaada. Miti ya jirani ikaishia kwenye mafiga. Desemba 1996 wakarudishwa kwao. Mwandishi anayepita hapo akaona vumbi tu, macho anayo ya nini?

Euphrase Kezilahabi alipoandika *Rosa Mistika*, iliyotoka mwaka 1971, hakupanda jahazi kwenda pwani kutafuta mandhari. Alianzia kwao, Ukerewe. Tanzania nzima ikamsoma.

Mtasema msomaji wa mjini anataka kupumzika, hataki habari za wakimbizi. Haya. Lakini msomaji huyo huyo mchana anakula kwa mama ntilie. Anayajua maharage yaliyolala kwa harufu tu. Ukimdanganya kwenye sahani, hatakuamini kwenye mapenzi.

Kwa hiyo, anayetaka kuandika mlo akae kwanza kwenye benchi lile, aagize, alipe, asikilize. Mwanamke wa miaka hamsini anayepakua chakula leo alikuwa binti wa miaka ishirini hivi mwaka ule wa 1994. Muulizeni alikuwa wapi, na jioni ile alipika nini, na alimpikia nani. Akishajibu, shikeni kalamu. Pilau ya Zanzibar waachieni Wazanzibari, wanajua kuipika na kuiandika.