Maoni: Tukate ramani ya Kongo, ili watoto wajue kuiunganisha

Bado ziko shule za msingi huku mashariki mwa nchi ambapo ramani ya Kongo ukutani inaonyesha majimbo 11. Tangu mwaka 2015 majimbo ni 26. Mtoto wa Butembo au wa Uvira anakariri majina yote 26 mbele ya mwalimu bila kukosea, lakini ukimwuliza Sankuru inapakana na nani, ananyamaza. Mara nyingi baba yake naye ananyamaza.

Na haya ni wakati ambapo neno balkanizasheni liko kwenye kila mdomo, redioni, sokoni na ndani ya teksi. Tunaapa kwamba nchi yetu haitagawanywa. Ni vizuri kuapa. Lakini mtu atalinda namna gani kitu ambacho hajui umbo lake?

Maoni yangu ni haya: kila shule ya msingi ipate ramani ya mbao iliyokatwa jimbo kwa jimbo, ambayo mtoto anaweza kuitawanya na kuiunganisha tena kwa mikono yake. Kazi hiyo haihitaji mradi wa wageni. Inaweza kufanywa na maseremala wetu, na wanafunzi wa shule za ufundi, na hata mtu wa ofisi anayependa kushika mbao jioni baada ya kazi.

Wazo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1760, mchonga ramani mmoja wa London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya ubao na kuukata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia. Ile michezo ya kupanga vipande tunayoiona leo madukani ilianzia darasani.

Chombo kinachohitajika ni msumeno mwembamba, ule ambao ubapa wake unakaribia uzi. Ule wa mashine unasimama juu ya meza ndogo, ubapa unapanda na kushuka, na wewe unasukuma ubao. Ule wa mkono una fremu ya chuma yenye umbo la U na mpini chini. Msumeno mkubwa wa atelie haufai hapa, kwa sababu unakula mbao nyingi, na majimbo yakishakatwa yanaacha nafasi kati yao.

Wengi watasema: na umeme? Ndugu zangu, msumeno wa mkono hauulizi umeme. Zaidi ya hapo, katika karne ya 19 watu wa Marekani na Ulaya walikuwa na misumeno ya namna hii inayoendeshwa kwa mguu, sawa na mashine za kushona ambazo mafundi wetu wa nguo wanakanyaga kila siku pembeni ya barabara. Fundi mwenye akili anaweza kutumia miguu ya mashine ya kushona iliyokufa.

Kwa mbao, chukua tripleksi ya milimita 6. Mbao ya kawaida ikiwa nyembamba inavunjika kwa kufuata nyuzi zake, na mkia wa Katanga ya Juu unaoingia ndani ya Zambia utakatika siku ya kwanza. Tripleksi ina tabaka zinazopishana, kwa hiyo inashika kila upande. Karatasi moja ya sentimita 122 kwa 244 inatoa ramani nane za sentimita 60 kila upande. Na wale waliojenga plafo wanajua ni vipande vingapi vinabaki, kisha vinaishia jikoni chini ya sufuria.

Usipunguze sana kipimo hicho. Kasai ya Mashariki ni jimbo dogo sana, na kwenye ramani ya sentimita 60 linabaki na upana wa vidole viwili hivi. Ukipunguza zaidi, mtoto atalipoteza. Na mchezo huu usipewe mtoto wa chini ya miaka 3, maana ataweka jimbo mdomoni.

Sasa kazi yenyewe. Bandika ramani ya karatasi juu ya ubao kwa kole kidogo. Funga ubapa meno yakitazama chini, uvute mpaka ukiugusa kwa kidole unalia kama uzi wa gitaa. Ubapa uliolegea unatangatanga na kukata mshazari, kisha kipande kinatoka upande mmoja tu. Kwa msumeno wa mkono, funga pembeni ya meza kibao chenye mkato wa V, ubao ulale juu yake na ubapa ufanye kazi katikati ya mkato. Usisukume kwa nguvu, meno yenyewe yanakula. Kwenye kona, punguza mwendo, acha msumeno upande na kushuka mahali pamoja huku unageuza ubao polepole. Wanaovunja bapa nyingi ni wale wanaogeuza ubao haraka.

Ili mpaka wa nje ubaki fremu nzima, toboa tundu dogo juu ya mstari, pitisha ubapa ndani yake, kisha uufunge tena. Fremu hiyo ibaki na majina ya majirani zetu tisa, kuanzia Angola mpaka Zambia.

Kisha fuata mpangilio huu, kwa sababu ndani yake kuna somo. Kata kwanza majimbo 11 ya zamani. Weka pembeni yale matano ambayo hayakugawanywa: Kinshasa, Kongo ya Kati, Maniema, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Yanabaki sita. Katanga na Jimbo la Mashariki kila moja linakatwa mara nne, Ekwateri tano, Bandundu tatu, Kasai ya Mashariki ya zamani tatu, Kasai ya Magharibi mbili. Hesabu: 26. Fundi anayemaliza kazi hii ameelewa ugawaji wa 2015 kuliko mtu aliyeusikia redioni.

Mwisho, pitisha msasa kidogo tu. Ukizidisha, mipaka inalegea. Na ufunge kitambaa puani, vumbi la tripleksi lina kole ndani yake.

Najua jibu la wengine: watu wanakimbia vita, watoto wanasoma bila madawati, na wewe unatuletea michezo ya mbao? Nakubali kwamba dawati linatangulia. Lakini ramani hii inatoka kwenye mabaki ya dawati hilo hilo. Na mtoto aliyekimbia kijiji chake, anayesoma leo chini ya hema, ana haki ya kushika jimbo lake mkononi na kuonyesha mwenzake: mimi natoka hapa. Wengine watasema ramani ya karatasi ni rahisi zaidi. Ni kweli, lakini haidumu msimu mmoja wa mvua, na mtoto haigusi.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kinachowezekana. Wakuu wa shule za ufundi zenye sehemu ya useremala waifanye ramani hii kuwa kazi ya mwaka: kila kundi la wanafunzi likate moja, na shule ya msingi ya jirani iipokee. Kamati za wazazi zichange bei ya bapa na kole. Na wewe unayependa kazi ya mikono, usingoje barua ya wizara. Anza na jimbo moja, lako, halafu ukate jirani yake. Utaona haraka kwamba kipande kimoja peke yake hakisimami kwenye fremu. Watoto nao wataliona hilo bila mtu kuwafanyia hotuba.