Usichague maji kwa picha

Wasee, mkitafuta mahali pa kupiga kafi safarini, achaneni na picha za mtandaoni. Picha haisemi maji yanatoka saa ngapi. Mida Creek, karibu na Watamu, ni kutamu sana maji yakijaa: unapita katikati ya mikoko, kimya, ni ndege tu. Ukifika yamekupwa, manze, utaburuta mtumbwi kwenye tope. Na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hukimbia zaidi.

Naivasha nayo ina viboko. Jioni hutoka majini kwenda kula nyasi, msikae njiani mwao.

Haya yote mvuvi wa hapo anajua. Muulize kabla ya kulipa. Na kama mwenye mtumbwi hana jaketi la kuokoa maisha, hata bei iwe ya kutupa, mimi napanda matatu narudi.